Kibao cha Bibi na Wageni wa Posa

Likizo hii nimemkuta shangazi anakatakata vitunguu juu ya kibao kilekile, na harufu ya nta ikanifikia kabla sijaamkia. Rafiki yangu, kama hukukulia jikoni kwa bibi yangu, kule porini karibu na Sitalike, umepunjwa.

Kibao ni cha mninga, alikichonga babu, katikati kimebonyea kwa visu. Bibi alikitunza kuliko alivyotutunza sisi wajukuu. Akishakatia nyama, alikisugua kwa majivu na limau, akakisuuza haraka, akakisimamisha kivulini kipigwe upepo pande zote. Kikikauka, anakipaka mafuta ya karanga yaliyopashwa moto. Mimi mafuta nilipata Jumapili tu, tena miguuni.

"Mke mwenzangu," alikuwa akinitania, "wewe ukisikia kiu unasema. Hiki nani atakisemea?"

Sasa, enzi hizo shangazi bado msichana, kesho yake wageni wanakuja kumposa, yeye kwa kiherehere cha usafi akakianika juani juu ya jiwe. Jioni kimepasuka, ufa wa kuingia kidole, na kingine hatuna. Bibi hakufoka. Alisema tu, "Basi nyama ya wakwe tutaikatia kwenye goti lako."

Baba mdogo, mrina asali, akajitolea kuuziba kwa nta. Ila alichukua nta ya kupaka mizinga ili nyuki waingie, bado ina asali. Asubuhi kibao kimeegemezwa nje ya jiko, nyuki wamekifunika kama blanketi. Wageni wakasimama njiani. Mmoja akaanza kugeuza baiskeli. Ndani shangazi analia.

"Naona kuna waposaji wamewawahi," nikasema. Nikafinywa.

Ndipo baba wa mchumba akawasha majani makavu yenye moshi, akasogea taratibu, akawafukuza nyuki, akabeba kibao mpaka jikoni. Jikoni kwa mkwe! Kwetu mkwe hata kuchungulia huko hachungulii. Watu wazima wote wakatazama chini. Yeye wala, akakwangua nta yote, akaiyeyusha, akaichuja kwa kitambaa, akajaza ufa upya.

"Nani kaacha asali humu?" akauliza. Baba mdogo akakagua paa.

Alipoinua macho akaona masufuria, akatambua yuko wapi. Tukajua posa imeharibika.

"Mkwe," bibi akasema, amempa mgongo, "umeshaona masufuria yangu yasiyo na vifuniko. Siwezi kukuacha uondoke mtu baki, ukanitangaze. Binti mchukueni, tuwe ndugu."

Jiko lile halipo tena. Tulipohamishiwa kijijini lilibaki likiliwa na mchwa, na bibi tulimzika kulekule. Kibao kilimfuata shangazi, na kila kiangazi mumewe anaongeza nta kidogo kwenye ufa. Nimepitisha kidole: umeshika.

Shangazi alipomaliza vitunguu nikamnyang'anya kibao. Nikakisugua, nikakisimamisha kivulini, kilipokauka nikakipaka mafuta, na mengine nikajipaka miguuni, ingawa ilikuwa Jumanne. Nikasubiri kidogo hapo mlangoni. Hakuna aliyeniita mke mwenzangu.