Ng'ombe Niliyemuuzia Ndugu wa Kiapo

Kikundi chetu cha kanisa hapa Githongo kilinipa kazi ya kurekodi wazee wakisimulia mambo ya zamani, ili siku moja tuketi na watu wa Kiirua tusikilize pamoja. Sisi na wao tulikuwa tumeanza kuishi kama watu wasiojuana, na mimi mwalimu ndiye niliyeonekana kuwa na simu nzuri. Nilikubali haraka. Sifa ni tamu.

Mama mmoja mkongwe wa ukoo wangu alinieleza kwamba sisi na ukoo fulani wa Kiirua ni gichiaro, yaani mababu walikula kiapo cha undugu. Mtu wa gichiaro humdanganyi, na akikuomba kitu humnyimi. Ukimdhulumu, balaa hukufuata mpaka kwa watoto. Alipoutaja ukoo wenyewe, nilikumbuka biashara moja. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimemuuzia mwanamume wa ukoo huo ng'ombe, nikamwambia ni mzima. Ng'ombe huyo alikuwa ameharibu mimba mara mbili, nami nikiona.

Mimi ni mzee wa kanisa, na nimewahi kuhubiri dhidi ya viapo hivyo. Hata hivyo niliogopa. Binti yangu alipokohoa asubuhi iliyofuata, nilimkimbiza zahanati kabla hajanywa chai. Muuguzi akauliza mgonjwa ni nani kati yetu.

Kufuta sehemu ile ya rekodi lilikuwa jambo la kubonyeza tu. Lakini mama yule angekuwepo ukumbini, na masikio yake ni mazima kuliko yangu. Kwa hiyo sikufuta, na mtu asiniite jasiri.

Siku ya mkutano sauti yake niliyorekodi ilisikika ukumbi mzima. Ukoo ulipotajwa, watu wa pande zote mbili walianza kusalimiana upya, wengine wakicheka kwa furaha. Yule mnunuzi akaja moja kwa moja nilipoketi, akavuta kiti.

"Mwalimu, kumbe wewe ni gichiaro yangu. Sasa nikuulize, na usinifiche. Ile ng'ombe imetupa mimba mwezi jana. Wakati uliniuzia, ulikuwa unajua?"

Uongo nilikuwa nao tayari, nimeutunza mwaka mzima.

"Nilijua," nikasema.

Nilitamani anitukane tu tumalize.

"Sawa. Kesho nitakuja kwako, niko na kitu ya kukuomba," akasema, akanipa mkono.

Hakusema ni kitu gani, nami nisingeweza kumnyima.