Injini ya Uani

Usiku, jirani alipojaribu kuiwasha, injini ilikohoa mara moja, ikanyamaza. Ni ya lile gari la zamani la silinda nane, uani kwa majirani zangu hapa mtaa wa Okolona, ughaibuni, ambalo kifungua mimba wao alikuwa akilifufua kifo kilipomchukua.

Asubuhi niliwasindikiza, mume na mke, tukalikokota gari hadi kwa fundi Mrundi. Akawapa njia mbili: injini mpya inayowaka hata kwenye theluji, au hiihii, iongezewe kabureta kubwa.

"Bon, tuweke mpya," baba akasema. "Hii inatuletea machungu tu."

"Na ya mtoto utaitupa wapi?" mama akauliza.



Kwa desturi yetu mama huitwa kwa jina la mwanawe. Tangu mazishi, sote tulimwita "dada," hata mumewe. Tulidhani tunamfariji kwa kumnyang'anya jina. Rambirambi rahisi hiyo, haigharimu hata chai.

Fundi akainama juu ya injini. "Kazi safi. Nani alifunga hizi bolti?"

Baba akaifuta moja kwa kidole gumba, taratibu, kisha akamgeukia mkewe.

"Tubaki na hii," akasema. "Tuiongezee kabureta, Mama Elisha."