Chuchu Hazitoshi

Mtaani walimwita Mkunga, ingawa hakuwahi kumzalisha mwanamke hata mmoja. Alizalisha nguruwe. Marehemu baba yao aliwaachia mabanda yeye na kaka yake, wakagawana kazi: kaka achague madume na kununua mbegu, yeye abaki na majike na uchungu wao.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka kaka alipogundua ukoo mpya wa nguruwe, uliosifiwa kwa jambo moja tu: kuzaa wengi. Akapandisha majike wote kwa mbegu hiyo, mabinti waliopatikana akawaweka wawe wazazi, nao wakaanza kuzaa. Wakazaa kwelikweli. Vitoto vilimiminika mpaka Mkunga akaishiwa vitambaa vya kuvifutia. Kaka akawa anapiga picha na kuwarushia wenzake.

Kesho yake hakupiga picha. Chuchu hazikutosha. Vitoto vilivyozidi vilikuwa vidogo kama panya, vya baridi, havina nguvu ya kusukumana. Mkunga alivihamishia kwa majike wengine, nao walikuwa wamejaa vilevile. Alivinywesha maziwa kwa bomba la sindano. Vingine mama yao alivilalia. Kila asubuhi alitoka na ndoo ya maiti, na kila asubuhi alizidi kufura kwa hasira.

"Kaka, hawa hawafai kuendeleza uzao," alimwambia. "Yule jike mwenye doa sikioni huzaa wachache, lakini hukuza wote. Tuweke mabinti zake."

"Yule mvivu? Unataka turudi nyuma?"

"Mvivu ni wewe, usiyeingia humu!"

Kaka akacheka. "Umezidi huruma, dada. Hii ni biashara, si kituo cha yatima."

Kicheko kile kilimkaa rohoni. Siku wafugaji wenzake kaka walipokuja kutembelea, alisimama mlangoni akitaja idadi ya waliozaliwa kama mtu anayetangaza matokeo ya mpira. Ndani, Mkunga alikuwa amepiga magoti kwenye majani makavu, jike bado anazaa. Akatoka vilevile, damu hadi viwikoni, akamkamata kaka ukosi mbele ya wageni.

"Ingia uchague."

"Nichague nini?"

"Wa kufa! Chuchu ndizo hizo. Umewaleta wewe, chagua wewe. Mimi nimechoka kuua kwa niaba yako!"

Kaka aliingia, akainama, akaokota kitoto kimoja, kikamlilia mkononi, akakirudisha. Akashika kingine. Halafu akasema ana simu ya kupiga, akatoka. Mgeni mmoja akauliza, "Kwani wanaofika kuachishwa ziwa ni wangapi?" Mkunga akamjibu bila kuficha kitu.

Yeye na kaka wakatengana. Mkunga alichukua jike mwenye doa na mabinti zake. Binti wa kwanza alipozaa, akawalalia nusu ya watoto wake. Mkunga alilipiga teke beseni mpaka likapasuka. Alijua kwamba malezi mema hurithiwa kwa shida, kwamba anaweza kuchagua kwa miaka mingi na kupata kidogo tu, lakini kujua hakukumpoza. Binti wa pili alikuza wote.

Kaka sasa ameajiri mtu wa kuzalisha majike wake. Wakikutana njiani, yeye huwa wa kwanza kumsalimu dada yake. Mkunga huitikia, maana wamelelewa kwa adabu. Lakini hasimami.