Nilivyonyimwa Kifo

Katika tamthilia nilikuwa mke wa pili wa tajiri. Watazamaji walinichukia, nami nilifurahi, maana kuchukiwa ndiko kulikonilisha. Kisha mtayarishaji akaleta mke wa tatu, mimi nikashikishwa sanduku: mke wa pili kasafiri, yuko Maskati kwa shangazi yake. Nikarudi Lushoto kwa mama kungoja kuitwa.

Sikuitwa. Ilipotokea nafasi ya mhusika mkuu kwenye tamthilia nyingine, ndipo nilipoelezwa vizuri mkataba wangu. Maadamu mhusika wangu yu hai, siruhusiwi kuigiza kwingine, kwa kuwa aliyesafiri anaweza kurudi. Malipo nayo hakuna mpaka arudi. Nilicheka kwa hasira. Ng'ombe aliyefungwa angalau hukatiwa majani.

Nikawa naamka na ukungu, nashuka bondeni kumwagilia kabichi za mama. Kila niliyempa shikamoo aliitikia, kisha akauliza Maskati kukoje. Mwanzoni nilitabasamu. Baadaye nikaanza kupita njia ya nyuma, kwenye migomba, kama mwizi.

Mwishowe nikampigia mtayarishaji nikamsihi amuue mke wa pili. Alikubali kwa sharti moja: mwili urudishwe nyumbani na watazamaji wauone. Nilazwe ndani ya sanda, uso wazi, wake wenzangu wanililie. Baada ya hapo ningekuwa huru. Wale wa tamthilia mpya wakasema watanisubiri.

Mama alikuwa anachambua maharage nilipomweleza. Habari za mkataba hazikumwingia. Sanda ilimwingia. Aliacha ungo, akaniuliza kwa Kishambaa kama nina akili timamu. Nikamwambia ni kazi tu, kama kazi nyingine.

"Najua ni kazi," alisema. "Dada yako nilimvika sanda kwa mikono hii. Wewe ukiivaa kwa mchezo, usirudi tena kwenye nyumba hii."

Asiyejua kuzika mtoto angebishana naye. Mimi nilikuwepo siku ile, nilimshika mama asianguke. Nikampigia mtayarishaji kumwambia siji. Alinijibu kwa adabu kwamba basi, mke wa pili aendelee kukaa Maskati. Nilitoka nje, nikaulilia ujana wangu kwenye kabichi, kwa kwikwi.

Nafasi ile alipewa mwingine. Mama hakuuliza ilikuwa ipi, nami sikumtajia. Bahati mbaya tamthilia yenyewe ameipenda. Haikosi hata siku moja, na mimi huketi naye, nitakwenda wapi? Juzi yule mhusika mkuu alikuwa analia msibani. Mama akaguna.

"Huyu hajui kulia," alisema. "Nafasi hii ungeiweza wewe, mwanangu. Kwa nini hukuwaomba?"

Nilimwambia sikusikia kama walikuwa wanatafuta mtu.