Aliyekaa Kwenye Sifuri

Kwa miaka thelathini na mmoja Lazhar aligawa maji ya mfereji kwa sauti yake tu. Alipita vichochoro vya mitende akiita jina, na aliyeitwa akafungua lango lake. Asiyeitwa hafungui; pale Nefta, mji wa mitende jangwani, kujifungulia lango ni wizi. Zamu iliyopita nayo hairudishwi, maana kumrudishia huyu ni kumnyang'anya yule.

Kisha chama cha maji kikaleta kompyuta. Lazhar akaambiwa ajifunze Python, lugha ya kuiamuru kompyuta, ili wenye mashamba waitwe kwa ujumbe wa simu, au akabidhi funguo za mfereji. Olfa, binti wa dada yake, ndiye aliyemfundisha.

"Mjomba, orodha ya majina unaikata hivi kuchagua wa kuitwa. Inaanza kuhesabu na sifuri, na namba ya mwisho haiingii."

"Imekosa nini?"

"Haijakosa kitu. Ndivyo ilivyo."

"Basi huko ni kumwalika mtu harusini ukamfungia mlango."

Olfa akacheka, naye akacheka, akajifanya ameelewa. Mtu mzima kumuuliza mtoto mara tatu ni aibu, na aibu hiyo imeponza wengi.

Jumatatu mashamba saba yalikuwa na zamu. Lazhar aliandika majina[1:7], moja mpaka saba, kama mtu yeyote mwenye akili timamu. Ujumbe ukaenda kwa sita. Wa kwanza, mjane Mabruka, alikuwa kwenye sifuri, mahali ambapo Lazhar hakudhani mtu anaweza kukaa.

Adhuhuri mama huyo aliingia ofisini, simu mkononi. "Lazhar, nimekaa langoni tangu alfajiri. Maji nimeyaona yakipita. Hukuniita."

"Bi Mabruka, hii mashine..."

"Nina miche kumi na moja, ndiyo shamba langu lote. Nimeipanda Ijumaa. Kwa jua hili haifiki zamu ijayo, siku kumi na mbili. Nipe hata saa moja."

Hakuwa nayo. Funguo zote zilikuwa kiunoni mwake, na tone la kumpa hakuwa nalo. Mjane akaondoka.

Siku zote kumi na mbili alijizoeza kukata orodha, akimuuliza Olfa bila haya, hata mara kumi kwa siku. Zamu iliporudi aliandika majina[0:7]. Wakatoka wote saba, Mabruka mbele. Moyo ukamtua kidogo.

Simu ikalia.

"Nimeuona ujumbe wako, Lazhar," alisema Mabruka. "Mwambie wa pili aanze. Mimi sina cha kumwagilia."