Mzigo wa Kwanza wa Pikapu ya Verlon

Oleta Strunk alipika katika shule ya Pell Crossing kwa miaka ishirini na tisa, na katika miaka yote hiyo hakuna mtoto aliyekuta hata unywele mmoja kwenye maharage yake. Sasa mfikirie mwanamke wa namna hiyo, Jumapili asubuhi kabla ya kanisa, anafungua oveni yake aoke mkate wa mahindi, anakuta mfuniko wa injini umelala juu ya wavu, umepakwa rangi ya kijani, unaokwa.

"Usiguse moto," mumewe Verlon alimwambia kutoka mezani, bila hata kuinua macho. "Bado nusu saa."

"Na mkate wangu?"

"Mkate haukimbii, mama."

Mkate uliliwa siku hiyo, lakini ulikuwa na ladha ya rangi. Verlon alikula vipande vitatu akasema ni mtamu. Oleta alikitazama kidevu chake kikipanda na kushuka, akasikia kichefuchefu kama mwenye mimba, na alikuwa na miaka sitini na sita.

Miaka kumi na moja ilikuwa imepita tangu Verlon alipoikokota nyumbani ile pikapu ya mwaka hamsini na nne, kutu tupu, panya wamezaliana chini ya kiti. Aliipiga msasa, akaichomelea, akaipaka rangi ya kijani ya njegere. Kiti akakivalisha ngozi nyeupe. Bodi ya nyuma akaitandika mbao za mwaloni na kuzipaka vanishi mara saba, kati ya mkono na mkono akisubiri siku mbili huku akimkataza mkewe kufagia uani asije akatimua vumbi. Kabureta aliioshea kwenye mashine ya kuoshea vyombo. Siku ya pili yake Oleta alikunywa kahawa ikamtoka puani kwa harufu ya petroli.

Na ikiisha kung'aa, ibebe nini? Haibebi kitu. Majani ya ng'ombe yanakwaruza. Chakula cha kuku kina vumbi. Mbwa ana kucha. Hata mtoto mchanga wa Oklahoma anajua pikapu ni gari la mzigo, lakini Verlon na wenzake wa Jumamosi waliziabudu zao kama masanamu, wakizizunguka na vitambaa laini mkononi, wanaume wazima wenye mvi, wakipuliza kioo kwa pumzi na kufuta, wakipuliza na kufuta. Oleta akiwaona hivyo alikuwa anafunga pazia.

Afadhali basi wangeishia hapo. Wakimaliza kufuta, kila mmoja anatoa bastola yake. Si bastola ya kumtisha mwizi, la, ni madude ya chuma, mtutu mrefu kama mkono wa mtoto, ya kumwangusha dubu. Na dubu wa mwisho wa wilaya ile aliondoka kabla babu zao hawajabaleghe. Walikuwa wanayafyatulia risasi madumu ya maji na maboga, kisha wanasifiana jinsi kifundo cha mkono kinavyouma. Risasi walizimimina wenyewe, na madini yake Verlon aliyayeyushia kwenye sufuria kubwa ya bata mzinga, ile ya Sikukuu ya Shukrani. Mwaka huo Oleta alipika bata mzinga kwenye beseni la bati, na wageni walipomuuliza alijibu, "Mwulizeni bwana mkubwa, sufuria iko vitani."

Kitu kimoja tu alikuwa anamsifia. Verlon alikuwa na bastola ya kizamani, ile ya tumbo la kuzunguka lenye matundu sita, na hakuipakia zaidi ya tano. Tundu lililokaa chini ya nyundo aliliacha wazi, kwa sababu bastola za kizamani zikianguka na nyundo ikagonga chini, zinalia zenyewe. Hayo aliyahubiri kwa kila mgeni. "Tano, ndugu yangu. Ya sita ni ya mpumbavu." Alisema hivyo kanisani, kinyozini, hata kwenye mazishi ya mjomba wake.

Masika ile Oleta aliomba jambo moja. Kabati la unga la marehemu mama yake, lenye meza ya bati na chekeche ya kuzungusha, lilikuwa ghalani kwa binamu yake huko Ludlam, mwendo wa dakika ishirini na tano. Ghala lilikuwa linabomolewa Jumatatu, na kabati lisipotolewa lingevunjwa nalo. Gari dogo la Oleta lilikuwa kwa fundi, giaboksi imekufa, na hata lingekuwa zima kabati lisingeingia.

"Tukalilete Jumamosi," alisema.

Verlon alimtazama kama vile kaambiwa akate kidole. "Kwa pikapu yangu? Lile dude lina miguu ya chuma."

"Tutatandika blanketi."

"Blanketi linateleza, mama. Mbao zile zina vanishi mikono saba."

"Nilijifunzia kukanda unga kwenye kabati lile, Verlon. Nimesimama kwenye kigoda."

"Nitakununulia jingine." Akarudi kwenye kitambaa chake.

Oleta alienda kubandika maharage, akijichukia kwa kuwa ameomba.

Jumamosi alikuja mgeni, Brock Haverty, daktari wa meno kutoka Tulsa, mstaafu, meno meupe kupita umri wake. Yeye pikapu yake ilikuwa na kutu ya kuchorwa. Ndiyo, ya kuchorwa kwa brashi, na juu yake vanishi, na mlangoni jina la shamba ambalo halijawahi kuwapo. Ilikuwa imechemka tangu ilipoingia getini, ikakaa na boneti wazi ikitoa mvuke. Oleta aliipita akiwa na bakuli la bamia za kukaanga, akatema mate pembeni. Kwa mwanamke wa kanisani hilo si jambo dogo.

Wakakaa wawili tu kwenye meza ya uani, bastola mbele yao katikati ya sahani. Brock alimwona Verlon akipakia, akacheka.

"Tano? Mzee, umenunua matundu sita ukaogopa moja?"

"Siogopi. Ni utaratibu."

"Utaratibu wa bibi yangu! Shemeji, huyu kwako pia anabakiza?"

Mbele ya mgeni, na mbele ya mkewe aliyeshika bakuli, masikio ya Verlon yakawa mekundu. Akachukua risasi ya sita, akaisukuma ndani, akaitia bastola kwenye ala ya kiunoni bila kufunga kamba yake. Mganga hajigangi.

"Verlon," Oleta alisema.

"Nimeona, mama. Naenda kufyatua sasa hivi zote."

Na angefika, maboga yalikuwa hatua thelathini tu. Lakini njiani aliipita pikapu yake, na kwenye bampa ya kromu akaona alama ya kidole. Alama ya kidole kimoja, cha Brock. Akatoa kitambaa, akainama kufuta. Bastola ikachomoka kwenye ala, ikaanguka kwa nyundo juu ya jiwe.

Mlio wake uliwarusha kuku juu ya paa. Verlon alikuwa chini, ameshika mguu, na nyama ya nyuma ya goti kushuka chini imetobolewa upande hadi upande.

Oleta alifika kwanza. Aliifunga aproni yake juu ya jeraha, akakaza kwa mwiko mpaka Verlon akalia. Ambulansi ya kujitolea waliipigia, wakaambiwa dakika hamsini. Brock alikuwa amesimama, rangi imemtoka, anatazama pikapu yake inayochemka.

"Tutaenda na hii," Oleta alisema, akafungua mlango wa ile ya kijani.

"Siyo kwenye kiti!" Verlon alipiga kelele. "Oleta, ile ni ngozi nyeupe! Katafute turubai kwanza!"

Alimwangalia yule mwanamume aliyemwoa miaka arobaini na moja iliyopita, damu inamtoka, jicho liko kwenye kiti. Hakuwa na hasira hata kidogo. Alikuwa na kinyaa, kile cha mtu aliyeinua jiwe akaona kilichoko chini yake.

"Haya. Daktari, shika mabega. Anapanda nyuma."

"Nyuma? Vifungo vya mfuko wangu wa nyuma vitakwaruza mbao!"

"Lala kifudifudi basi uzilambe," Oleta alisema, na wakampandisha.

Huo ndio uliokuwa mzigo wa kwanza wa pikapu ile. Brock alikaa na mgonjwa kushika aproni, na Oleta akaendesha kuelekea Ludlam, kwenye hospitali, kila shimo akilipitia katikati.

Hospitalini waliambiwa risasi haikugusa mfupa. Verlon akaingizwa kushonwa, Oleta akatoka na funguo.

"Twende ghalani, Daktari. Una mikono miwili, haya."

"Shemeji, atakuua."

"Atanikimbiza kwa mguu gani?"

Asubuhi yake alirudi kumtazama. Usiku kucha alikuwa amejiwekea nadhiri: akiniuliza mimi kwanza, vidole vyangu vilivyokaza aproni vikoje, nimelalaje, nitakwenda kuisugua ile damu kabla haijazama kwenye mwaloni. Akavuta kiti, akakaa, akampa nafasi.

Verlon akafumbua macho. "Damu imeingia kwenye mbao?"

"Sijui," Oleta alisema. "Kabati la mama limesimama juu yake."

Verlon akafumba macho tena. Oleta akasimama, akachukua mkoba wake.

"Unakwenda wapi?"

"Kulishusha. Kabla ya hapo napita kuchukua chakula cha kuku. Magunia sita."

"Mama, sita ni mengi kwa zile mbao. Chukua matano."

"Nafasi ya sita ipo, Verlon," alisema akiwa mlangoni. "Ya nini niiache wazi?"