Nilivyoeleza elektroni kwa wakwe Bungoma, nikiwa nimeshika imondo ya mzee

Wakuu, habari za jioni. Hii ilinitokea mimi mwenyewe. Chumvi nikiongeza, ni ile ya kuonja tu.

Miaka ya elfu mbili na kitu nilikuwa naishi Matisi, Kitale. Mtihani wa kidato cha nne, KCSE, nilifanyia night school, darasa limejaa watu wazima mpaka mwalimu anatuamkia sisi.

Fizikia ikanishika kama malaria. Nikaingia chuo, parallel, yaani ile ya kujilipia karo yote, nikakutana na group theory, hesabu ya vitu vinavyozungushwa na bado vinafanana. Bana, nililala nikiota symmetry!

Sasa kulikuwa na Nasimiyu, mwalimu wa nursery, kwao karibu na Mabanga, huko Bungoma. Tulitaka kuoana. Baba yake akasikia ati nasomea vitu havionekani. Akasema nije Jumapili anipime kwanza. Asiporidhika, wazee wangu wasijisumbue kuja.

Mama yake alibaki jikoni na Nasimiyu, si mnajua mkwe na mama mkwe hawazoeani. Sebuleni alikuwa mzee na kocha, yaani mjomba wa Nasimiyu, mtu wa mdomo.

"Kijana, unasomea nini hasa?" mzee akauliza.

"Vitu vidogo kuliko vumbi, mzee."

"Kwani vikubwa viliisha?" kocha akadakia.

Nikaeleza. Ukizungusha sufuria mzunguko mmoja, imerudi vile ilikuwa. Lakini kwa elektroni mzunguko mmoja hautoshi, inataka miwili. Kila chembe ina namna yake ya kuitikia mzunguko, na hizo namna ndizo tunaita representations. Ukijua namna, umejua ni chembe ya aina gani.

"Huo ni uongo wa mchana," mzee akasema.

Hapo damu ya night school ikapanda. Nikanyakua sahani ndogo kati ya vyakula mezani, nikaiweka kwenye kiganja nimwonyeshe.

Wakuu, ilikuwa na imondo! Firigisi ya kuku, nyama ya mwenye boma. Mgeni haigusi, sembuse mwenye anaomba bibi.

Kocha akashika kichwa, mzee akakodolea sahani macho.

Kurudisha ni aibu, kuendelea ni aibu. Nikaendelea.

Nikapitisha sahani chini ya kwapa, kiganja kikiangalia juu. Mzunguko mmoja. Sahani iko sawa, lakini mkono umesokotwa kama kamba ya ng'ombe, kiwiko kinaangalia dari.

"Amekwama!" kocha akacheka.

Nikaendelea upande uleule, sasa juu ya kichwa. Mzunguko wa pili. Mkono ukanyooka wenyewe kama ile elektroni, imondo imetulia kama iko kanisani.

Mzee akaniangalia sana.

"Rudia."

"Mzee?"

"Nilikuwa naangalia imondo yangu. Sikuona mkono."

Nikarudia. Akachukua imondo, akaila polepole, halafu akaweka sahani tupu kwenye kiganja chake. Katikati akakwama, kiwiko juu.

"Hapa ndio elektroni iko?"

"Hapo hapo, mzee. Usirudi nyuma, endelea."

Akaendelea. Mkono ulipofunguka alicheka mpaka Lwakhakha, kule mpakani na Uganda, wakasikia. Jikoni nako mtu akapiga kigelegele, sitasema nani.

"Ambia wazee wako waje," akasema. "Lakini wewe utakaa mbali na sahani yangu."

Nasimiyu ndiye amenipikia chai ninayokunywa sasa.

Funzo: mtu asipoona unachosema, mwonyeshe kwa mkono wako. Lakini angalia kwanza umeshika chakula cha nani.

Haya, na nyinyi siku ya kwanza kwa wakwe mliharibu nini? Msinichekee peke yangu.